Mfupa Upewe Muda Wake Maabara

Nyama ya titi, ya kizazi au ya tezi ikifika maabara ya patholojia, njia yake inajulikana. Hulazwa kwenye formalini, hupitishwa kwenye spiriti na zailini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kwa unene wa maikroni 3 au 4. Unywele mmoja wa kichwani unaushinda unene huo karibu mara 20. Mfupa haufuati njia hiyo. Kisu cha mikrotomu kikiukuta hukwaruza na kuingia mapengo, na kipande kilichotolewa mwilini kwa taabu, mgonjwa akiwa amelazwa na kutiwa usingizi, hugeuka unga. Kabla ya kisu, lazima chokaa itolewe ndani ya mfupa huo, na namna inavyotolewa ndiyo inayoamua kama daktari ataona kitu kwenye hadubini au hataona.

Zanzibar imejenga sana miaka ya karibuni. Hospitali za wilaya zimefunguliwa Unguja na Pemba, na Lumumba pamesimama hospitali ya mkoa. Hayo ni maendeleo ya kweli, na yatazaa kazi mpya. Mama wa Makunduchi ambaye zamani angemkanda mwanawe goti miezi na miezi, sasa atapata picha ya eksirei karibu na nyumbani. Picha ikionyesha doa lisiloeleweka, kinyama kitatakiwa. Kinyama hicho kitapanda gari kwenda mjini, na mwisho wa safari yake ni meza ya patholojia ya hospitali ya rufaa ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe. Maabara ya rufaa inastahili kuwa na utaratibu wa mfupa uliosimama peke yake: ulioandikwa, wenye kemikali zake, wenye mtu wake wa kuulizwa na, zaidi ya yote, wenye siku zake.

Aliyewahi kulaza mfupa wa kuku kwenye siki kwa siku kadhaa anaijua nusu ya jambo hili. Mfupa hutoka umelegea, unapindika bila kuvunjika, kwa sababu asidi imekula madini na kuacha nyuzi za protini zilizokuwa zimeyashika. Kwa uzito, madini hayo ni karibu theluthi mbili ya mfupa mkavu. Maabara hufanya vivyo hivyo kwa asidi ya nitriki, ya hidrokloriki au ya fomiki, au kwa EDTA, ambayo haichomi bali huidaka kalisi na kuiondoa kidogo kidogo.

Tofauti ya hizi dawa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Asidi ya nitriki humaliza kipande cha kiasi ndani ya siku moja au mbili. Fomiki huchukua siku kadhaa. EDTA inaweza kwenda wiki mbili, tatu, hata zaidi kwa kipande kinene. Kwa hiyo pale ambapo ndugu wa mgonjwa wanapiga simu na daktari wa upasuaji anauliza jibu liko wapi, mkono huenda kwenye chupa ya asidi kali. Hili hutokea katika maabara nyingi duniani, za nchi tajiri na za nchi masikini.

Hasara yake haionekani siku hiyo. Huonekana kwenye kioo cha hadubini. Hematoksilini, rangi inayopaka viini vya seli bluu, haishiki tena. Kila kitu hubaki waridi, na seli ya saratani haitofautiani na seli ya kidonda. Asidi kali huvunjavunja vinasaba na kuharibu protini ambazo vipimo vya kisasa huzitafuta. Mfupa ukisahauliwa ndani ya asidi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji achukuliwe kipande kingine, au hupewa jibu la kubahatisha.

Kwa Unguja kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya maabara, vingi vikiwa vimeandikwa kwenye nchi za baridi, hulipitia juu juu. Asidi hufanya kazi haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, na huharibu haraka vilevile. Saa zilizopimwa katika chumba cha nyuzi 20 si saa za chumba cha nyuzi 31 mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na kiyoyozi kimezimwa. Anayenakili ratiba ya kitabu neno kwa neno anaweza kupitiliza bila kujua. Zanzibar inahitaji kujipimia saa zake yenyewe, kwa vipande vyake, ndani ya vyumba vyake, na kuziandika.

Kwa nini kuhangaika hivi kwa vipande vichache? Afrika Mashariki ina jibu lake la zamani. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Aliwatafuta wengine, na mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo akiuita sarkoma ya taya. Wataalamu wa patholojia wa Mulago, Jack Davies na George O'Conor, waliukagua kwenye hadubini wakasema hapana, hii ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Jina lilipobadilika, tiba nayo ilibadilika. Uvimbe ambao kisu cha upasuaji hakikuuweza ulianza kuyeyuka kwa dawa, Kampala kwa Burkitt na Nairobi kwa Peter Clifford, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingojewa kufa wakapona. Mwaka 1967 Mulago ikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Watafiti wa enzi hiyo waliona pia kwamba ugonjwa huo ulikuwa adimu Unguja na Pemba, wakalihusisha hilo na kampeni ya kuitokomeza malaria iliyokuwa ikiendeshwa visiwani. Historia nzima hiyo ilianza kwa watu waliokitazama kioo kilichotengenezwa vizuri.

Leo mtihani ni uleule kwa sura nyingine. Kijana ana homa, paja limevimba, lina joto, eksirei inaonyesha mfupa umeliwa. Inaweza kuwa usaha wa mfupa, jambo la kawaida kwa watoto, hasa wenye selimundu. Inaweza kuwa sarkoma ya Ewing, saratani iliyoelezwa na James Ewing mwaka 1921, ambayo huja na homa na hata ikifunguliwa huweza kufanana na usaha. Wa kwanza anahitaji antibayotiki na kusafishwa. Wa pili anahitaji dawa za saratani, Dar es Salaam, mapema iwezekanavyo. Seli za Ewing ni ndogo, za mviringo, zinafanana na za limfoma na za magonjwa mengine kadhaa, na njia ya uhakika ya kuzitenga ni kutafuta badiliko maalumu katika vinasaba vyake. Uainishaji wa uvimbe wa mifupa uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mabadiliko ya namna hiyo. Mfupa uliolala kwenye nitriki hauwezi kujibu swali hilo.

Watu wazima nao wamo. Saratani ya tezi dume na ya titi hupenda kuhamia mifupani, na mwanamke aliyetibiwa titi miaka mitano nyuma akianza kuumwa mgongo, kinyama cha uti wa mgongo kinaweza kueleza kama dawa za homoni bado zitamfaa. Kipimo hicho hutegemea protini, na protini haziipendi asidi kali.

Halafu kuna kifua kikuu. Ugonjwa wa uti wa mgongo alioueleza Percivall Pott huko London mwaka 1779, unaoacha kibyongo na wakati mwingine kupooza miguu, bado unaonekana Afrika Mashariki. Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, NED, iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na wakfu wa Kihispania, kwa hiyo kisu cha kuifikia pingili iliyooza kipo hapahapa kisiwani. Tatizo ni kwamba vimelea vya kifua kikuu ndani ya mfupa huwa vichache mno. Formalini huviua, hivyo haviwezi kuoteshwa tena. Asidi kali hupunguza uwezekano wa kuviona vikipakwa rangi. Kipande chote kikitumbukizwa kwenye chupa moja pale chumba cha upasuaji, nusu ya majibu imeshafungwa kabla ya kufika maabara.

Uwezo wa kufanya kazi ya viwango hivi upo Zanzibar, na umeshaonekana. Katika miaka ya 2014 na 2015, Mnazi Mmoja pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen na hospitali ya Haukeland, Norway, walikijaribu katika kazi ya kila siku kipimo kinachosaka MPT64, protini inayotolewa na kimelea cha kifua kikuu, kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa nje ya mapafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLoS ONE, yakionyesha kwamba kipimo hicho kiliboresha utambuzi. Sampuli zilikuwa za tezi, za maji ya kifuani na tumboni, na vinyama. Hospitali iliyoweza kuingiza kipimo kigumu kama hicho katika ratiba yake ya kawaida haishindwi na kopo la EDTA.

EDTA yenyewe si kitu kigeni. Kila aliyetolewa damu ya kuhesabiwa chembe ameshakutana nayo: ndiyo inayozuia damu kuganda ndani ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kwa mifupa hutumika nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 14, na ina ukaidi wake. Unga wake hauyeyuki mpaka uongezwe soda kali polepole huku ukikorogwa, maji yakibaki ya maziwa, halafu ghafla, yanapokaribia kutokuwa na asidi wala besi, yakatakata. Anayetengeneza mara ya kwanza hudhani amekosea. Baada ya hapo ni subira na kubadilisha maji: kimiminika kiwe mara 20 ya ujazo wa kipande, kibadilishwe kila baada ya siku chache, chombo kitikiswe taratibu.

Si lazima kila mfupa upite huko. Kichwa cha paja kilichovunjika kwa bibi wa miaka 80, ambacho daktari anataka tu kuhakikisha hakina saratani iliyohamia, kinaweza kwenda na fomiki na jibu likatoka ndani ya wiki. Sindano ya uboho ni nyembamba, haihitaji siku nyingi hata kwa dawa ya upole. EDTA iwekewe vile vipande ambavyo swali lake ni zito: uvimbe wa kijana, doa lisilojulikana, saratani inayosubiri kipimo cha protini au vinasaba. Na kabla ya hayo yote, fundi wa maabara apekue kipande kwa ncha ya kisu. Uvimbe mwingi wa mifupa una sehemu laini isiyo na chokaa. Hiyo ichambuliwe pembeni, ipitishwe njia ya kawaida, na mara nyingi ndani ya siku tatu au nne daktari anakuwa na dira huku mfupa wenyewe ukiendelea kulala. Hila hii ndogo haigharimu shilingi moja, na ndiyo inayomaliza ugomvi wa zamani kati ya haraka ya wodini na subira ya maabara.

Msumeno nao una neno lake. Formalini huingia kwenye mfupa polepole mno, kwa hiyo kipande kikubwa hukatwa vibao vya milimita 3 hadi 5 ili dawa ifike ndani kabla ya kuoza. Meno ya msumeno huacha unga wa mfupa ukiwa umesukumwa ndani ya nyama, na unga huo ukionekana kwenye kioo huweza kumpoteza hata mzoefu, akadhani ni mfupa uliotengenezwa na saratani. Kibao kikishakatwa, uso wake usuguliwe taratibu chini ya maji yanayochuruzika. Ni dakika moja ya kazi. Vilevile formalini ioshwe vizuri kabla ya asidi ya hidrokloriki, kwa sababu mvuke wa viwili hivyo vikikutana unaweza kutoa kemikali inayosababisha saratani. Wanaovuta mvuke huo ni mafundi wa maabara, na afya yao ni sehemu ya hoja hii.

Swali linalowasumbua wengi ni lini kuacha. Kuchoma sindano ndani ya kipande kuona kama kimelainika huharibu seli zilezile zinazotafutwa. Njia bora kuliko zote ni eksirei, na mashine za eksirei ziko ngazi chache tu kutoka maabara. Kinachokosekana ni makubaliano kwamba kibao cha mfupa kina haki ya kupigwa picha kama mgonjwa. Kwa asidi ya fomiki kuna kipimo cha mezani: huchukuliwa mililita chache za asidi iliyotumika, hutiwa amonia kuua ukali, kisha oksaleti ya amonia. Maji yakiingia ukungu mweupe, chokaa bado inatoka. Yakibaki maangavu, mfupa uko tayari na utolewe saa hiyohiyo. Hata mizani inatosha, kwa kuwa kipande kinachopoteza chokaa hupungua uzito kila siku mpaka kinapofika mwisho. Daftari, mizani na sahihi ya aliyepima: maabara yoyote ya rufaa inaweza kuwa navyo wiki hii.

Umeme wa Unguja hauwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba uliowekwa mwaka 1980 ulipoleta hitilafu Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 giza lilirudi likakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulipofika mwaka 2013 hali ilikuwa nyingine, lakini umeme kukatika usiku mmoja bado kunatosha kuigandisha nta ndani ya mashine ya kupitishia nyama katikati ya safari. Kulaza mfupa kwenye EDTA hakuhitaji umeme. Hatua zinazofuata zinahitaji, na mfupa hukaa kwenye spiriti na nta muda mrefu kuliko nyama nyingine. Mfupa uliongojewa wiki mbili usiingizwe kwenye mashine isiyo na umeme wa akiba.

Wiki mbili. Hapo ndipo familia zinapoingia. Mzee ameambiwa majibu ya mwanawe "bado", amerudi mara ya pili, "bado", na jirani anamjua mtu wa kuunga mifupa shamba anayekanda kwa mafuta na kufunga banzi. Mkono wa muungaji unaheshimiwa visiwani, na kwa mfupa uliovunjika wengi wamesaidika. Uvimbe wa saratani ukikandwa ni balaa. Familia hiyo haikukosa akili, ilikosa tarehe. Siku kipande kinapopokelewa, maabara iandike kwenye fomu kwamba mfupa huu unatolewa chokaa, jibu la sehemu laini litakuwa siku fulani, la mfupa siku fulani, na daktari aliyemlaza mgonjwa akae na mzazi amweleze kwa nini. Watu wa Pemba waliovuka bahari na kulala kwa jamaa Mwembeladu wanastahili kujua kama warudi nyumbani au wasubiri.

Kibonge cha nta chenye mfupa uliotayarishwa vizuri kinakaa miaka, kinaingia kwenye mfuko wa shati na kinavuka na boti kwa saa mbili kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mgonjwa akiwa kitandani kwake. Kinaweza kufika Bergen au Muscat. Zanzibar, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu 1,889,773, na Afrika kusini mwa Sahara ina takriban sehemu moja ya kumi tu ya wataalamu wa patholojia ambao nchi tajiri zinao kwa idadi ya watu. Si rahisi kisiwa kuwa na bingwa wa saratani za mifupa peke yake, na hakihitaji, mradi kinaweza kumpelekea bingwa aliyeko mbali kitu kinachosomeka. Kosa la siku ya kwanza ndani ya asidi halirekebishwi na bingwa yeyote, awe Dar es Salaam au Ulaya.

Watakaosema bajeti ina mambo makubwa zaidi wana haki ya kusikilizwa. Sampuli za mifupa ni chache ukilinganisha na za kizazi na titi. Lakini saratani ya mifupa inayoitwa osteosarkoma hupiga zaidi vijana wanaorefuka, mara nyingi kwenye goti, na uamuzi unaofuata jibu la maabara huweza kuwa kukata mguu wa mtoto wa skuli. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi juu ya kioo cha waridi kisicho na viini.

Wizara ya Afya haiombwi mashine ya mamilioni hapa. Inaombwa iweke EDTA na asidi ya fomiki katika orodha ya manunuzi ya kudumu ya maabara ya patholojia, zisinunuliwe kwa kuombwa kila mara. Inunue msumeno wa meno madogo na kabati la kunyonya mvuke linalofanya kazi. Na itoe agizo moja kwa vyumba vyote vya upasuaji, kuanzia Kivunge, Unguja, hadi hospitali ya Abdulla Mzee, Pemba, kwamba kinyama cha mfupa chenye shaka ya kifua kikuu kigawanywe palepale, sehemu kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya kipimo cha GeneXpert na kuotesha, sehemu kwenye formalini. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachofundisha wanamaabara kule Mbweni, kiwape wanafunzi wake mfupa mkononi, walaze, wapime, wakate, waharibu kipande kimoja kwa makusudi na kukiona kilichoharibika kwenye hadubini. Na ramani za hospitali ya rufaa na kufundishia inayopangwa Binguni zikifika hatua ya kugawa vyumba, patholojia itengewe chumba cha mfupa chenye sinki lake, hewa yake na mlango unaotazamana na eksirei, kabla kuta hazijainuliwa na nafasi kwisha.